Msichana wa Yoshitomo Nara na kisu kisichoonekana

Katika mchoro mmoja wa mchoraji wa Japani, Yoshitomo Nara, wa mwaka 2000, msichana wa kubuni mwenye kichwa kikubwa na gauni jekundu anamkazia macho mtazamaji, mkono mmoja ameuficha nyuma. Hakuna kisu popote kwenye turubai; ni jina la mchoro tu linalotuambia kwamba anacho mgongoni. Mwaka 2019 mchoro huo uliuzwa mnadani Hong Kong kwa takriban dola milioni 25 za Marekani, na kwa bei hiyo ni haki kuuliza kama mtoto huyu bado anazungumzia utoto, au amebaki kuwa nembo ya biashara.

Wanaomshuku Nara hawasemi ovyo. Sura ile ile imerudiwa kwa miongo mitatu, ikachapwa kwenye fulana na hata visahani vya majivu ya sigara, na kitu kinachoonekana kila mahali huishia kutotazamwa.

Hata hivyo, hoja hiyo inaruka chimbuko la msichana mwenyewe. Nara alizaliwa mwaka 1959 mjini Hirosaki, mkoani Aomori, akiwa kitinda mimba wa wazazi waliokuwa kazini mchana kutwa, hivyo alikua akirudi kutoka shule na kukuta nyumba haina mtu. Redio ya kambi ya jeshi la Marekani ilimletea nyimbo ambazo hakuyaelewa maneno yake. Alipohamia Ujerumani mwaka 1988 kusoma sanaa Düsseldorf, bila kuimudu lugha, upweke ule ule ulimrudia, na ni katika miaka hiyo ambapo msichana alipata umbo tunalolijua. Nara amewahi kueleza kwamba visu vya watoto anaowachora ni vidogo kama vya kuchezea, na kwamba wamezungukwa na watu wabaya, wakubwa kuliko wao, walioshika visu vikubwa zaidi. Kwangu mimi, maelezo hayo yanaigeuza picha nzima: tunayemdhania mtukutu ni mtoto anayejihami.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwamba msichana huyu si nembo tu ninauona baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, iliyolikumba eneo la kaskazini mashariki mwa Japani alikokulia Nara. Kwa muda alishindwa kuchora, akawa anafinyanga udongo kwa mikono. Aliporudi kwenye turubai, msichana alikuwa ametulia, rangi zimepakwa tabaka juu ya tabaka, na ndani ya macho yake, badala ya hasira, mna vipande vya rangi nyingi vinavyong'aa kama machozi yanayokaribia kudondoka.