Aliyesukuma ni Shangazi

Kwa kuwa fundi wangu amekwisha kusambaza sauti katika kikundi cha WhatsApp akidai kwamba bibi arusi alisukuma gari akiwa ndani ya gauni lake, nalazimika kusahihisha habari hiyo: bibi arusi hakusukuma. Aliyesukuma ni shangazi yake.

Ninyi mnaonifuata hapa mnaijua Coccinelle yangu (Volkswagen ya mgongo wa kobe) ya mwaka 1959, na mdomo wangu mnaujua pia. Fundi alipoifungia geji ya mafuta na kuipandisha umeme kutoka volti 6 hadi 12, nilimfokea kama mtu aliyechora masharubu kwenye picha ya marehemu bibi yangu. Alijitetea kwamba Wajerumani wenyewe waliiweka geji mwaka 1961. Nikamjibu kwamba gari langu lilizaliwa kabla, na kwamba kazi hiyo hufanywa na mkono mdogo wa chuma ulio karibu na miguu ya dereva: injini ikianza kukohoa, unausogeza, akiba ya lita 5 hivi inafunguka, unaendelea na safari. Aling'oa vyote, akanitoza mara mbili. (Chekeni, lakini polepole.)

Jumamosi, basi, nilikuwa nikimpeleka bibi arusi, binti wa mama mdogo, kutoka Kamalondo, hapa Lubumbashi, hadi ukumbini, nikimweleza njia nzima thamani ya gari lisilochezewa. Tulipofika barabara ya Kasenga, injini ikakohoa. Nikatabasamu. Naomba mlitazame vizuri tabasamu hilo, maana sijawahi kuwa na jingine kama lile. Nikasema, "Dada, usiogope, sasa utaona akili ya wazee." Nikanyoosha mguu taratibu, kama mcheza rumba, ncha ya kiatu ikagusa chuma, nikasukuma. Hakikwenda. Nikasukuma tena. Nikainama hadi tai ikagusa usukani, nikaona: mkono ule ulikuwa umelala upande wa akiba tangu Jumatano, niliporudi kutoka Kipushi na kusahau kuurudisha. Akiba nilikwisha kuinywa siku nyingi.

"Yaya," yaani kaka mkubwa, bibi arusi akauliza kwa upole uliozidi matusi, "sasa ungejuaje kama mafuta yamebaki?"

Nyuma yetu msafara wote ulikuwa ukipiga honi kwa furaha.

Kijana wa kadafi, wale wauza esansi (petroli) wa kando ya barabara, alikuja na bidoni la njano. Tangi la gari hili liko mbele, chini ya boneti, mahali pale pale nilipoweka mfuko wa nguo za kubadilisha. Faneli yake ilikuwa chupa iliyokatwa, na mengine mnayaelewa. Kisha nikawasha, nikawasha, hadi betri ya volti 6 ikakata roho. Ndipo shangazi alipovua viatu, akashika mkia wa gari, akasema, "Mwanangu, hata mbuzi akiwa na njaa hulia."

Tulifika. Walioana. Bibi arusi alicheza usiku kucha akinukia esansi.

Geji imerudi jana. Nimemwomba fundi aifiche ndani ya kile kisanduku cha dashibodi chenye kifuniko, na yeye ameipiga picha.