Kompyuta ya Baba Mdogo Kwenye Kamati ya Harusi

Baba mdogo hununua vitu kwa kusoma tarakimu za kwenye boksi. Alipoamua kwamba orodha ya michango ya harusi ya binti yake haiwezi kuendelea kukaa kwenye simu ya katibu, ambaye ni mimi, alikwenda Kariakoo akarudi na kompyuta mpakato ya kuchezea gemu: RAM ya GB 32, prosesa yenye viini 8, kadi ya picha inayojitegemea, na kioo kinachobadilisha picha mara 165 kwa sekunde. Kioo cha namna hiyo humfaa mtu anayekimbiza magari kwenye gemu. Shemeji aliyeahidi shilingi 50,000 hana dalili yoyote ya kukimbia.

Kikao kilifanyika kwenye baa moja ya Sinza. Baba mdogo alikuwa ameiweka mashine katika hali ya nguvu zote, kwa hoja kwamba hakuzilipia ili zilale, hivyo kadi ya picha haikupumzika hata tulipokuwa tukijumlisha elfu kumi kumi. Joto likapanda, feni zikaanza kuvuma kama mashine ya kusaga, na shangazi aliyeketi mwisho wa meza akaomba kwa adabu jenereta izimwe, ilhali umeme ulikuwa bado haujakatika.

Ulikatika baadaye. Betri ya wati-saa 90 inasomeka vizuri sana dukani, lakini mashine inayokula wati 60 huimaliza kwa saa moja na nusu, na huo ndio muda ambao kamati za harusi hutumia kuwasubiri wajumbe waliokwisha kusema wako njiani. Mwenye baa akawasha jenereta yake ndogo ya wati 650, iliyokuwa ikibeba taa, redio na friji.

“Chomeka chaja, mwanangu,” akaagiza Baba mdogo, na mimi nikachomeka. Chaja ile imeandikwa wati 280. Kwa dakika chache mambo yalikwenda. Kisha mota ya friji ikaanza kuzunguka, na friji linapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule linaoutumia likishatulia. Jenereta ikakohoa mara mbili, ikazima. Katika giza lile mtu alimwaga supu, na kwa kuwa kompyuta ndiyo iliyokuwa imejaza meza, supu haikuwa na pa kwenda isipokuwa juu ya kibodi.

Mweka hazina, mama mtu mzima asiyependa makelele, akawasha tochi ya simu, akatoa kwenye mkoba kaunta buku, daftari gumu ambalo unene wake huhesabiwa kwa kwaya, na kusoma michango yote, jina kwa jina, pamoja na deni la shemeji. Wajumbe wakampigia makofi. Baba mdogo, akiwa bado anaipangusa mashine kwa kitambaa cha meza, akainamia sikio langu na kuuliza lile kaunta buku ni la kwaya ngapi.