Nyusi za Istanbul

Tangu turudi kutoka Uturuki likizo ya Agosti, kila mgeni anayeingia nyumbani kwetu Buruburu huonyeshwa picha mia mbili na kitu kwenye simu ya mke wangu, naye akifika kwenye ile ya shakwe anayedaka mkate angani, huilaza simu mapajani, hunitazama kwa jicho la pembeni na kusema, "Hapo sasa mwacheni Mwalimu aeleze mwenyewe." Kuliko kuhukumiwa kila Jumapili mbele ya mashemeji, nimeona heri niyaandike yote mara moja.

Kosa lilianzia Nairobi. Mimi hufundisha Kiswahili, na wakati tunajiandaa kwa safari niligundua kwamba Waturuki, kama sisi, walikopa maneno tele kutoka Kiarabu. Dakika kwao ni dakika. Kitabu ni kitap, habari ni haber, dunia ni dünya, na ukimaliza kula mkahawani unaitisha hesap, yaani hesabu yako. Mama Imani alishauri tununue kijitabu cha maneno ya wasafiri. Nikamuuliza ni nani hubeba kamusi anapokwenda kwa shangazi yake.

Siku tatu za kwanza nilitamba. Katika Kapalıçarşı, lile soko kuu lililoezekwa ambalo lina maduka yapata 4,000, nilitamka "sabun", muuzaji akanitolea sabuni, nami nikamgeukia mke wangu kama mtu aliyefufua maiti. Alilipa bila kusema neno.

Siku ya nne tulivuka Bosporus kwa kivuko hadi Kadıköy, upande wa Asia, tukala samaki, tukapiga picha kando ya sanamu ya fahali, tukanywa chai katika vibilauri vyenye kiuno chembamba, chai isiyo na tone la maziwa ambayo Mama Imani aliiita turungi ya kitajiri. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu jioni tulitaka kurudi Eminönü, ng'ambo ya pili, mwendo wa dakika 20 hivi. Nilimwendea mhudumu mmoja mwenye masharubu, nikamwonyesha chombo kilichokuwa kinakaribia kuondoka, nikasema neno moja tu: "Eminönü?"

Yule bwana aliinua nyusi zote mbili, akarudisha kichwa nyuma kidogo, akapiga ulimi kwenye meno, kisha akasema, "Hayır."

Naomba msomaji wa Nairobi anihukumu kwa haki. Hapa kwetu ukimuuliza kondakta kama gari linafika Donholm, naye akainua nyusi, unapanda. Hungoji akuandikie hati ya kiapo.

"Amekubali," nikasema.

"Amekusonya," akasema Mama Imani.

"Hiyo ni lafudhi yao. Kwani hukusikia? Ametutakia heri."

Tukagusisha kadi kwenye mashine, mashine ikalia, tukaingia.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa tamu. Mama Imani alinunua simit, mkate wa duara uliopakwa ufuta, akawa anawarushia shakwe vipande, nao wakavidaka hewani bila kukosea. Kisha nikaona anarusha polepole zaidi. Alikuwa anatazama nyuma, ambako minara sita ya msikiti wa Sultan Ahmed, uliokamilika mwaka 1616, ilikuwa imesimama dhidi ya jua linalotua, ikizidi kuwa midogo. Hoteli yetu ilikuwa hatua chache kutoka kwenye minara hiyo.

"Baba Imani, mbona mji unaondoka?"

Nilimweleza kwa utulivu kwamba pengine nahodha anakwepa msongamano, kama matatu zetu zinavyokwepa Barabara ya Jogoo na kupita njia za panya. Aliniuliza bahari ina njia ngapi za panya. Tulipotia nanga kwenye kisiwa cha kwanza nilisema ni kituo cha kushusha mizigo. Kwenye cha pili sikusema kitu. Kwenye cha tatu nilijifanya nimelala. Cha nne, Büyükada, kilikuwa ndicho mwisho wa safari, na ilikuwa karibu saa mbili usiku.

Nikasema tutafute teksi, kana kwamba teksi ingevuka bahari. Hata hilo halikuwezekana, kwa sababu kisiwani humo magari ya kawaida ya abiria hayaruhusiwi. Watu huenda kwa baiskeli, kwa vigari vya umeme na kwa miguu, na Mama Imani alikuwa amevaa viatu vya kupigia picha.

Karibu na gati alisimama kijana muuza mahindi ya kuchoma. Nilimwonyesha bahari, nikamwonyesha saa yangu, nikamuuliza kwa ishara na Kiingereza cha kuungaunga kama chombo cha mwisho cha kurudi kimeshaondoka. Akainua nyusi, akapiga ulimi.

"Kimeondoka," nikamwambia Mama Imani kwa huzuni ya mtu mwenye hakika.

Tukapanda mlima tukiwa tumebeba viatu mkononi, tukapata nyumba ya wageni, nikalipa bei iliyonikumbusha ada ya muhula mzima, ilhali kule mjini kitanda chetu kingine, nacho kimelipiwa, kilikuwa kimetandikwa kikingoja. Ndipo Mama Imani alipofungua dirisha apate hewa, akaniita kwa sauti laini ambayo huitumia tu mambo yanapokuwa mabaya sana. Chini, gatini, kivuko kilichowaka taa kutoka omo hadi tezi kilikuwa kinang'oa nanga taratibu kuelekea mjini.

Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyejua Kiingereza vizuri, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Kwao, alisema, kuinua nyusi na kupiga ulimi ni kukataa. Na hayır? Hayır ni hapana.

Juzi usiku nilimuuliza Mama Imani kama kuna chai iliyobaki kwenye chupa. Aliinua nyusi bila kuondoa macho kwenye runinga, nami nikajizoa kitini na kikombe changu hadi jikoni. Nikaiinamisha chupa, nikaitikisa. Haikutoka hata tone. Kutoka sebuleni nikasikia sauti ikiita, "Heri, Mwalimu!"