Je, g igeuzwe kila mara kuwa futi?

Katika karakana za Mwanza, ziwe za vyombo vya majini au za magari makubwa, bado kuna vitabu vya mitambo vilivyoandikwa kwa futi na ratili, ilhali vipima mchapuko (kiasi mwendo unavyobadilika kila sekunde) vya siku hizi hutoa majibu kwa g, yaani kwa kulinganisha mchapuko unaopimwa na ule unaotokana na mvutano wa dunia. Wapo mafundi walioshika kanuni kwamba kila thamani ya g igeuzwe kwanza kuwa futi kwa sekunde kila sekunde, ndipo hesabu ianze, kwa kuwa g si kizio halisi. Kanuni hiyo ina sababu zake, lakini imeipa g sifa mbaya ambayo haiistahili.

Ugeuzaji wenyewe ni mwepesi. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa mwaka 1901 uliweka thamani ya kawaida ya g kuwa mita 9.80665 kwa sekunde kila sekunde, na tangu makubaliano ya mwaka 1959 futi moja ni mita 0.3048 kamili, ukigawanya unapata futi 32.174. Anayeandika 32.2 hakosei hata kwa sehemu moja katika elfu, na anayeridhika na 32 anakosea kwa takriban nusu asilimia.

Hoja nzito ya wapinzani wa g ni kwamba mvutano wa dunia haulingani kila mahali. Ni kweli. Mwanza iko karibu na ikweta, na uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo mvutano wa hapa ni karibu mita 9.78, pungufu kwa takriban sehemu tatu katika elfu. Mizani ya springi iliyorekebishwa mahali penye mvutano wa kawaida, ikiletwa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, bila kurekebishwa tena, ingesoma kilo 99.7 kwa shehena ya sangara ya kilo 100. Ndiyo maana mizani hukaguliwa papo hapo kwa mawe yenye uzani unaojulikana. Lakini hoja hii inachanganya mambo mawili. Mvutano wa mahali hubadilika. Kizio cha g hakibadiliki, kwa sababu ni namba iliyokubaliwa, na 32.174 ni ileile Mwanza, Bukoba na London. Anayekosea ni yule anayegeuza g kwa kutumia mvutano wa mahali alipo.

Manufaa ya g yanaonekana wazi zaidi katika hesabu za mizigo. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi, na ramani za mtikisiko za shirika la jiolojia la Marekani huonyesha mchapuko wa ardhi kwa asilimia ya g. Tuchukue ukuta wenye uzito wa tani 40, na ardhi inayotikisika kwa 0.1 g. Ukuta ukienda sawasawa na ardhi, nguvu inayousukuma ubavuni ni sehemu ya kumi ya uzito wake, yaani tani 4, na hesabu imekwisha. Sasa tufuate kanuni ya karakana. Tani 40 ni ratili 88,185. Tuzigawe kwa 32.174 ili kupata tungamo la slagi 2,741 (slagi ni kizio cha tungamo katika mfumo wa futi na ratili), tugeuze 0.1 g kuwa futi 3.2174, tuzidishe, tupate ratili 8,818, ambazo ni tani 4 zilezile. Tumegawanya kwa 32.174, kisha tukazidisha kwa namba hiyohiyo, na kila hatua imetupa nafasi mpya ya kukosea. Anayesahau kugawanya, akazidisha ratili moja kwa moja kwa futi, atapata nguvu iliyozidi mara 32, na hakuna kitu katika karatasi yake kitakachomshtua. Kwa g kosa hilo haliwezekani kwa urahisi, kwa sababu kila fundi anajua kwamba sehemu ya kumi ya uzito haiwezi kuuzidi uzito wenyewe.

Penye umbali na muda, futi zina haki yao. Lori la mtumba kutoka Uingereza, lenye kipima mwendo cha maili, likifunga breki kwa 0.3 g kutoka maili 40 kwa saa, halisimami mpaka lipite futi 178 hivi, na jibu hilo halipatikani bila kugeuza 0.3 g kuwa futi 9.65. Hapo sina ubishi.

Kuna jambo moja ambalo ugeuzaji wa haraka hulificha. Kipima mchapuko kilicholazwa mezani bila kuguswa husoma 1 g, kwa kuwa kinahisi meza inavyokizuia kisianguke. Anayeona 1 g hutambua mara moja kwamba kifaa kimetulia. Akiandikiwa futi 32.174, bila kuelezwa kama ile 1 g ya kutulia imeondolewa au la, ana haki ya kudhani kwamba kifaa kinaongeza mwendo, na kwa hesabu hiyo, baada ya dakika moja tu, meza ingekuwa inakwenda kwa zaidi ya maili 1,300 kwa saa.