Dubu wa Mississippi Hakuachwa Hai

Chanzo cha tedi husimuliwa hivi: Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikwenda kuwinda, akaletewa dubu aliyefungwa kamba, akamhurumia na kukataa kumpiga risasi. Watu wakafurahi, na waliotengeneza dubu wa kuchezea wakampa jina la utani la Rais, Teddy. Ni hadithi tamu, na kila ninapoisikia inanikera, kwa sababu inakatishwa kabla haijaisha.

Yaliyotokea ni haya. Novemba 1902 Roosevelt alikuwa katika misitu ya Mississippi, karibu na kijiji cha Onward, akiongozwa na Holt Collier. Collier alizaliwa mtumwa, na kufikia siku hizo sifa zake za kuwinda dubu zilikuwa zimeenea kote katika eneo lile. Kazi yote ilikuwa yake na mbwa wake. Walimfukuza dubu hadi karibu na pale Rais alipowekwa asubiri, kumbe Rais alikwisha kuondoka kwenda kula. Dubu akachoka kukimbia, akageuka, akaanza kuwararua mbwa. Collier alikuwa na bunduki mkononi, lakini risasi ya kwanza ilikuwa imetengwa kwa ajili ya mgeni. Basi akaishika bunduki ile kama rungu, akampiga dubu kichwani, akamtia kamba na kumfunga kwenye mti. Roosevelt alipofika alimkuta mnyama hoi, damu zikimtoka. Akakataa kumpiga risasi, akisema huo si uwindaji. Kisha akaagiza auawe ili asiendelee kuteseka. Dubu akachomwa kisu, akafa.

Sina nia ya kumchafua Roosevelt. Kukataa kwake kulikuwa kwa dhati, na kumwondolea maumivu mnyama aliyekwisha kuumizwa vile ni jambo la utu. Ninachokipinga ni namna sisi tuliokuja baadaye tulivyomgeuza dubu aliyekufa kuwa dubu aliyeokolewa, na kumwondoa kabisa katika simulizi mtu aliyemkamata kwa mikono yake. Waulize watu kumi wanaoijua hadithi hii jina la Collier uone wangapi watakujibu.

Kulainisha kulianza mapema sana. Tarehe 16 Novemba 1902 gazeti la Washington Post lilichapisha katuni ya Clifford Berryman: Roosevelt amempa dubu mgongo, mkono ameunyoosha kukataa. Katuni ilipendwa, Berryman akaichora tena, na katika michoro iliyofuata dubu alizidi kuwa mdogo, wa mviringo, macho yamemtoka kwa woga. Mnyama mzima aliyepigana na kundi la mbwa akawa mtoto anayetetemeka. Huyo mtoto wa kwenye karatasi ndiye aliyeshonwa kwa kitambaa huko Brooklyn na Rose na Morris Michtom, mke na mume waliokuwa na duka la peremende.

Wakati huohuo Ujerumani, bila habari yoyote ya Mississippi, Richard Steiff alikuwa akibuni dubu wake katika kiwanda cha shangazi yake Margarete, mshonaji aliyepooza kwa polio tangu utotoni na aliyeishi kwenye kiti cha magurudumu. Richard alizoea kwenda kuchora dubu hai kwenye bustani ya wanyama. Dubu wao alipelekwa kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1903, mnunuzi wa Marekani akaagiza 3,000, na mwaka 1907 kiwanda kikatoa dubu 974,000.

Tafuta picha ya dubu wa Steiff wa miaka ile umtazame vizuri. Mdomo wake ni mrefu, umechongoka mbele. Mgongoni ana nundu, kama aliyonayo dubu wa kahawia wa kweli. Mikono ni mirefu hadi magotini, nyayo ni kubwa, macho ni vifungo vyeusi vya viatu, na tumboni amejazwa nyuzi za mbao, kwa hiyo ni mgumu. Si mbaya hata kidogo. Ana heshima yake. Ukimweka kando ya tedi wa leo, mwenye uso bapa, paji pana, kichwa kikubwa na mikono mifupi, utaona kwamba wa zamani alishonwa na mtu aliyewahi kukaa akamwangalia dubu.

Mabadiliko hayo yamepimwa. Mwaka 1985 watafiti Robert Hinde na Les Barden walipima tedi wa zamani na wa karibuni, wakakuta kwamba kadiri miaka ilivyosonga ndivyo mdomo ulivyofupika na paji likapanuka. Maelezo yake yalikuwepo tangu 1943, pale Konrad Lorenz, mtafiti wa tabia za wanyama, alipoeleza kwamba sura ya kitoto, yaani kichwa kikubwa, mashavu ya mviringo na macho yaliyokaa chini usoni, huamsha ndani yetu hamu ya kulea. Lakini uchunguzi uliofanywa na watafiti wengine miaka ya tisini ndio ulionigusa zaidi. Watoto waliwekewa tedi wa kila namna wachague. Wa miaka sita na minane walipendelea wenye sura ya kitoto. Wa miaka minne hawakuonyesha upendeleo huo. Mtoto mdogo, ambaye ndiye hasa anayelala na tedi, hakuomba mdomo ufupishwe. Watu wazima ndio wanaosimama dukani na pesa mkononi, na wao ndio waliomchagua dubu kizazi baada ya kizazi hadi akafanana na mtoto mchanga.

Nampenda tedi, tena sana, na sioni aibu kusema hivyo nikiwa mtu mzima. Daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, alieleza mwanzoni mwa miaka ya hamsini jinsi kitu kimoja laini kinavyomsaidia mtoto kuvumilia kutengana na mama yake, na jinsi mzazi anavyojifunza kutokifua, maana harufu yake ikitoka kinapoteza thamani kwa mtoto. Tedi aliyetumika kweli anajulikana: pua imechakaa kwa kubusiwa, sikio moja limelegea pale anaposhikiwa wakati wa kuburutwa, manyoya ya kifuani yameisha. Kazi hiyo ni ya heshima. Ila haihitaji uongo. Hata dubu wa Steiff mwenye nundu na mdomo mrefu aliifanya.

Na nyuma ya dubu laini mara nyingi kuna dubu halisi aliyepatwa na jambo zito. Winnie, ambaye jina lake lilipewa Winnie-the-Pooh, dubu wa vitabu vya watoto, alikuwa dubu jike mweusi wa Kanada. Mwindaji alimuua mama yake, na tarehe 24 Agosti 1914, kwenye kituo cha treni cha White River, Ontario, daktari wa mifugo wa jeshi, Harry Colebourn, akamnunua mtoto huyo kwa dola 20. Akavuka naye bahari akielekea vitani, kisha akamwacha kwenye bustani ya wanyama ya London, ambako aliishi hadi 1934. Alikuwa mpole kiasi kwamba watoto waliruhusiwa kumsogelea, na mmoja wao, Christopher Robin Milne, mtoto wa mwandishi wa vitabu hivyo, akampa dubu wake wa kuchezea jina hilo. Smokey, dubu anayewaonya Wamarekani kuhusu moto wa misitu, alianza kama mchoro mwaka 1944. Mwaka 1950 kilipatikana kitoto cha dubu juu ya mti ulioungua huko New Mexico, nyayo zimeungua, nacho kikapewa jina la mchoro. Ona mpangilio ulivyo: katuni ilitangulia, mnyama akaja kuvalishwa jina lake.

Ulimwenguni zimebaki aina nane za dubu, na sita kati ya hizo zimeorodheshwa kuwa hatarini kutoweka. Mmojawapo ni dubu wa milima ya Andes, jamaa wa Paddington wa vitabu vya watoto vya Kiingereza, na ndiye dubu pekee wa Amerika Kusini. Sidai kwamba tedi ndiye aliyesababisha hayo. Nadai kwamba dubu asiye na njaa, makucha wala msitu hatufundishi kumjali yule mwenye vyote hivyo.

Nimeuona upendo wa namna nyingine huko Alaska, kwenye hifadhi ya Katmai. Tangu 2014 watu hupigia kura dubu aliyenona kuliko wote kando ya Mto Brooks, pale dubu wanapojaza mafuta ya kulala nayo majira ya baridi. Watazamaji huwafuata kwa kamera wakati wote wa msimu, dubu wakinyakua samaki maporomokoni. Mwaka 2024 haikuwa burudani tupu. Dume mkubwa anayeitwa Chunk aliwashambulia watoto wa dubu jike Grazer waliosombwa na maji, na mmoja akafa. Baadaye, siku ambayo ratiba ya mashindano ilikuwa itangazwe, dubu mmoja alimuua mwenzake mbele ya kamera. Hifadhi haikuyaficha. Walitangaza, wakaeleza, wakaahirisha kutangaza ratiba kwa siku moja, kisha watu wakapiga kura, na Grazer akamshinda Chunk kwenye fainali. Mwaka uliofuata Chunk, akiwa amevunjika taya, ndiye aliyeshinda. Kuna watu waliowapigia kura wote wawili, wakijua fika nani alifanya nini. Huko ndiko kupenda dubu ninakokukubali.

Mississippi kwenyewe mambo yamesogea. Dubu mweusi wa Louisiana, ambaye maskani yake yanafika hadi misitu ile, aliwekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1992 na akatolewa kwenye orodha mwaka 2016 baada ya idadi yake kuongezeka. Tangu 2004 jimboni humo kuna hifadhi ya wanyamapori yenye jina la Holt Collier.

Wanaotengeneza tedi hupenda kuwafunga kikadi sikioni chenye hadithi ya Rais mwenye huruma. Nafasi ipo ya kuongeza mistari miwili. Waandike kwamba dubu alikamatwa na Holt Collier, mwindaji aliyezaliwa mtumwa, na kwamba dubu yule alikufa siku hiyohiyo. Na kama wanaweza, wamrudishie tedi mdomo wake mrefu.