Jamiroquai si kofia tu
Ndugu yangu uliyetangulia kuandika, unasema Jamiroquai, ile bendi ya Uingereza ya muziki wa funk, bila kofia na miondoko ya mwimbaji wake Jay Kay si kitu. Nakupinga kabisa! Hebu funga macho usikilize gitaa la besi la Stuart Zender kwenye albamu tatu za mwanzo, 1993 hadi 1996. Linaongea, linajibizana na ngoma, halikubali kujificha nyuma ya mwimbaji. Alipoondoka mwaka 1998 niliumia kweli, na kwangu mimi bendi iliegemea mno disko baada ya hapo. Na kinanda cha marehemu Toby Smith je? Jay Kay jukwaani nampenda sana, anateleza kama hana mifupa, lakini mguu wangu huanza kugonga sakafu kabla hajafungua mdomo.