Hasira ya Jangwani, Kicheko cha Msimbazi

Jioni ya tarehe 8 Machi 2025 nilikuwa kwenye kijiwe cha kahawa Ilala wakati jirani yangu mmoja aliporejea kutoka Uwanja wa Benjamin Mkapa, akiwa amevaa jezi ya njano isiyokuwa na hata tone la jasho. Alikaa, akatoa kadi yake ya tiketi mfukoni, akaigongagonga kwenye ubao wa benchi, kisha akaagiza kahawa bila kashata. Mchezo wa watani, Yanga na Simba, ulikuwa umeahirishwa na Bodi ya Ligi siku hiyo hiyo, baada ya Simba kutangaza kwamba hawatashuka dimbani kwa madai ya kuzuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi ya mwisho usiku uliotangulia. Sisi wa upande mwekundu, wa Simba, tulicheka. Nadhani mimi ndiye niliyecheka zaidi, na kicheko hicho ndicho kinachonifanya niandike makala haya.

Tulisahau upesi mno kwamba miaka minne kabla ya hapo tulikuwa tumekaa upande wa pili wa benchi. Tarehe 8 Mei 2021 mchezo wa watani ulisogezwa siku ile ile kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga wakaja kwa saa ya awali, wakapasha misuli, wakaondoka zao, wakisema kanuni haziruhusu muda kubadilishwa kwa taarifa ya ghafla namna hiyo. Simba wakaja kwa saa mpya na kukuta uwanja hauna mpinzani. Siku hiyo Yanga ndio waliosimamia kanuni, nasi tukawaita waoga. Machi 2025 Simba wakasimamia kanuni, nao wakatuita waoga. Kanuni kwetu ni nzuri pale inapotubeba, na wanaoongoza mpira wa nchi hii wanalijua hilo kuliko sisi wenyewe tunavyolijua.

Miezi iliyofuata, mashabiki na viongozi wa Yanga walisimama kidete kwamba hawachezi tena mchezo ule, na zikasikika sauti nyingi zikitaka wakuu wa soka wawajibike. Ukiniuliza, hoja zao kadhaa zilikuwa na uzito. Shabiki aliyepanda basi kutoka mkoani, akalipa nauli na mahali pa kulala, akafika Temeke na kuambiwa hakuna mchezo, anastahili maelezo yanayoeleweka bila kujali anavaa rangi gani. Hata hivyo sisi wa Msimbazi, yaani Simba, tuliyapokea madai hayo kama kelele za mtani, tukajikuta tunatetea uongozi ambao mwaka 2021 tulikuwa tumeulaani. Mchezo ukachezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0 na kutwaa ubingwa. Kombe lilipofika Jangwani, nyumbani kwa Yanga, sikumsikia tena jirani yangu akimtaka mtu yeyote ajiuzulu.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa maandamano yetu, yawe ya barabarani, ya redioni au ya kwenye simu. Daima yanakuwa ya nusu ya mji. Kiongozi wa shirikisho anayezomewa na Jangwani hana haja ya kujibu lolote, kwa kuwa Msimbazi watamjibia, na msimu ujao zamu zitabadilishana.

Halafu kuna suala la kura, ambalo vijiweni halizungumzwi sana kwa sababu halina utani ndani yake. Rais wa TFF, shirikisho la soka la nchi hii, hachaguliwi na mashabiki. Anachaguliwa na mkutano mkuu wenye wajumbe wa vyama vya soka vya mikoa, klabu za Ligi Kuu, na vyama shiriki kama vile vya makocha, waamuzi na wachezaji. Mwaka 2017 mjini Dodoma, Wallace Karia alishindana na wagombea kadhaa akawashinda. Katika chaguzi za 2021 na 2025 alibaki mgombea pekee, kwa sababu anayetaka urais lazima kwanza apate udhamini wa wanachama, na wanachama wengi walikwisha kumdhamini yeye. Kanuni hiyo ilipitishwa na watu wenye mamlaka ya kuipitisha. Wala si haki kusema kwamba hakuna kilichofanyika katika miaka hiyo: Taifa Stars ilirudi AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, nchini Misri mwaka 2019 baada ya kuikosa kwa miaka 39, na kwenye AFCON ya 2025 huko Moroko ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza. Mjumbe anaweza kuwa na sababu nzuri ya kumpa mtu kura yake. Swali langu ni moja: mjumbe wa klabu yangu alimuuliza nani kabla ya kusaini barua ile ya udhamini?

Wapo wanaosema serikali iingilie kati, imalize mchezo kwa siku moja. Wenzetu wa Kenya waliijaribu njia hiyo. Novemba 2021 serikali yao ililivunja shirikisho lao, Februari 2022 FIFA ikawafungia, na Harambee Stars ikaondolewa kwenye mbio za kufuzu AFCON ya 2023. Uongozi ulibadilika Desemba 2024, na ulibadilika kwa kura za wajumbe.

Kwa hiyo mlango tunaopaswa kuugonga uko karibu zaidi ya tunavyodhani. Timu ya mtaani inayocheza ligi ya wilaya ina sauti kwenye chama cha wilaya, iwe IDFA ya Ilala, TEFA ya Temeke au KIFA ya Kinondoni, na vyama hivyo ndivyo vinavyojenga uongozi wa mkoa unaokwenda kupiga kura. Ni kazi isiyo na shangwe. Mikutano yake hufanyika Jumamosi asubuhi kwenye darasa la shule, viti havitoshi, na nusu ya muda huishia kwenye akidi. Lakini mwenyekiti wa wilaya anakaa mtaani kwetu, na anasalimiana nasi sokoni.

Kwa wenye kadi za uanachama wa klabu hizi kubwa mbili, njia ni fupi zaidi. Ajenda ya mkutano mkuu wa klabu huwa na mengineyo mwishoni kabisa, saa ambayo watu wameanza kunyoosha shingo kutazama chakula kilipo. Nimemwomba jirani yangu asimame wakati huo kwao aulize klabu yake ilimdhamini nani na kwa idhini ya nani, nami nitauliza swali lile lile kwetu. Amekubali, kwa sharti kwamba nianze mimi.